Nimeingiza .rpm kwenye Debian, hakuna kosa hata moja, lakini skana haionekani. Nimekosea wapi?

#1 kitasa

Wakuu salaam. Nina skana ya miaka mingi kidogo, na mtengenezaji wake ametoa driva ya Linux kwa .rpm peke yake, kifurushi cha Fedora na ndugu zake. Mimi niko Debian 12, inayotumia .deb. Nikasoma huku na kule, nikatumia alien, ya kugeuza .rpm kuwa .deb:

`sudo alien --to-deb driva-skana-1.0-1.x86_64.rpm`
`sudo dpkg -i driva-skana_1.0-2_amd64.deb`

Hakuna kilicholalamika. Programu imekaa kwenye menyu, nikiibonyeza inafunguka na nembo yake kabisa. Nikiiambia itafute skana: hakuna kifaa. lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, inaiona. Nimechomoa, nimechomeka, nimezima na kuwasha. Rafiki yangu ana Fedora, faili hilohilo, skana inaimba.

Nina maswali mawili. Nimekosea wapi? Na hivi kweli kifurushi cha distro nyingine (aina nyingine ya Linux) huwa kinafanya kazi, au tunadanganyana tu? Linux si moja?

(La tatu dogo: mbona 1.0-1 imetoka 1.0-2? Sijagusa namba.)

#2 jogoo_wa_pili

Linux ni kerneli tu mkuu, kiini cha mfumo. Yaliyobaki kila distro na nyumba yake. Umebeba mlango wa jirani umeupachika kwenye fremu yako, sasa unashangaa funguo haizunguki.

#3 tumbili_msomi

Jina lake kitasa halafu mlango haufunguki. Nimekaa siti ya mbele.

Jogoo, mafumbo hayajawahi kuwasha skana ya mtu.

#4 mama_nukta

Kitasa, leta majibu ya hii:

`dpkg -L driva-skana | grep sane`

#5 kitasa

Haya hapa:

`/etc/sane.d/skana.conf`
`/usr/lib64/sane/libsane-skana.so.1`

#6 mama_nukta

Ndiyo nilichokuwa nakitafuta. Fedora na ndugu zake huweka maktaba za biti 64 kwenye /usr/lib64. Debian ina mpangilio wake, kila aina ya prosesa na folda yake, kwa hiyo kwako SANE, mfumo wa skana kwenye Linux, inachungulia /usr/lib/x86_64-linux-gnu/sane. alien imekubadilishia bahasha tu. Barua ya ndani haikuguswa, faili limetua kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. dpkg, kisakinishi cha .deb, haiwezi kulalamika kwa sababu yenyewe kazi yake ilikuwa kutua mzigo, na imetua.

Tengeneza simlinki, njia ya mkato ya faili:

`sudo ln -s /usr/lib64/sane/libsane-skana.so.1 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/sane/`

#7 bisibisi

Mama nukta nakuheshimu lakini hapo umewahi. Simlinki peke yake haitoshi. SANE haipakii kila inachokikuta kwenye folda, inasoma majina kwenye /etc/sane.d/dll.conf. Driva za namna hii huandika jina lao humo kwa skripti inayokimbia mwishoni mwa usakinishaji. Na alien, usipoiambia `--scripts`, skripti zote inaziacha nje.

Kitasa, endesha `rpm -qp --scripts` kwenye lile faili la mwanzo utaona.

#8 kitasa

Nimeona. Kuna mistari kama kumi hivi, mmoja unaongeza "skana" kwenye dll.conf, mwingine unaita udevadm. Kwangu dll.conf haina neno hilo kabisa.

Kwa hiyo ni ya bisibisi au ya mama nukta?

#9 popo_wa_usiku

Hakuna hata moja. Ukiona lsusb inaona na programu haioni, ujue ni ruhusa. lsusb inasoma orodha tu, kuongea na kifaa ni jambo jingine. Hiyo udevadm uliyoiona ndiyo ingesoma sheria za kukipa kifaa kundi la scanner. Umo kwenye kundi hilo? Jaribu `sudo scanimage -L`.

#10 kitasa

Kwa sudo pia haionekani. Na kwenye kundi simo.

#11 tumbili_msomi

Popo kaanguka mapema.

#12 popo_wa_usiku

Sijaanguka. Kama moduli ya driva haipakiwi, sudo haitasaidia, lakini ikishapakiwa utanikumbuka. Magonjwa mawili yanaweza kulala kitanda kimoja.

#13 mzee_kanzi

Vijana, mimi nasema acheni kabisa kuchanganya. Niliwahi kuwa Debian 11, nikashusha programu moja, ikanijibu:

`/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version 'GLIBC_2.34' not found`

Nikajiambia kumbe ni toleo tu la glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu inaitegemea (libc ni hiyohiyo). Nikaenda ripo (ghala la vifurushi) ya Ubuntu 22.04, nikachukua libc6 yao, nikaipitisha kwa dpkg na `--force-all`. Mashine ilikata roho nikiitazama.

#14 nyundo_na_msumari

Mzee, hapo kuna kitu hakikai sawa. Vifurushi vya Ubuntu tangu 21.10 vimebanwa kwa zstd, na dpkg ya Debian 11 haiujui mbano huo. Ingekukatalia mlangoni: `unknown compression for member 'control.tar.zst'`. Najua kwa sababu imenila jioni nzima. Debian 12 ndiyo inafungua.

#15 mzee_kanzi

Umenikamata. Ni kweli dpkg ilikataa. Nikafungua kwa mkono, `ar x`, nikakunjua data.tar.zst, nikainakili libc.so.6 juu ya ile ya zamani. Ujinga mkubwa kuliko nilivyosema mwanzo, ndiyo maana nimefupisha.

Kilichofuata: terminali ilikuwa bado wazi, nikaandika ls. Kosa, inasema alama fulani ya GLIBC_PRIVATE haipo kwenye ld-linux. Nikaandika cp nirudishe ya zamani. Kosa lilelile. sudo, kosa. Maana libc na kipakiaji chake, hiyo ld-linux inayopakia maktaba programu inapoanza, ni pacha, huwezi kubadilisha mmoja ukamwacha mwenzake, na kila amri ya mashine inapita kwao. Kilichobaki hai ni zile amri zilizo ndani ya bash yenyewe. Nilikuwa naangalia folda zangu kwa `echo *`. Nikazunguka hivyo nusu saa naangalia majina ya faili ambazo siwezi kuzigusa, kama mtu aliyefungiwa nje anachungulia dirishani. Nikaja kuokolewa na fleshi ya kubutia.

#16 tumbili_msomi

`echo *` hahahaha. Mzee pole, lakini nimecheka.

#17 kijiti

Kwa hiyo sheria ni kwamba glibc lazima zilingane, siyo?

#18 mama_nukta

Hapana kijiti, si lazima zilingane. Programu iliyokompailiwa (iliyogeuzwa kutoka msimbo kuwa programu) kwenye glibc ya zamani inakwenda kwenye mpya bila shida kwa kawaida. Kinyume chake ndiyo haiendi. Debian 11 ina 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Ukishuka ngazi hiyo na kifurushi cha juu unaumia, ukipanda na cha chini unapona.

Na hiyo 2.34 ina kisa chake. Ilitoka Agosti 2021, ndipo libpthread, maktaba iliyokuwa pembeni, ikaunganishwa ndani ya libc, na alama ya kuanzishia programu nayo ikapewa toleo jipya. Matokeo yake hata kiprogramu cha kuandika "habari" tu, ukikikompaili kwenye 2.34 au zaidi, kinadai GLIBC_2.34. Ndiyo maana watu wanaona kosa hilihili kila kona, si kwamba wote wanatumia kitu kigumu.

Wanaotaka programu yao ifike mbali hukompaili kwenye distro kuukuu makusudi. CentOS 7 na glibc yake 2.17 ilitumika hivyo miaka mingi.

#19 kijiti

Asante. Nimeelewa sasa kwa nini .deb za zamani zinaniingia na mpya zinagoma.

#20 bisibisi

Usishangilie sana. Za zamani nazo zinagoma kwa njia nyingine. glibc inatunza wazee wake, maktaba nyingine hazitunzi. Chukua OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche: programu ya enzi ya 1.1 inatafuta libssl.so.1.1, na Debian 12 ina libssl.so.3 tu. Watu wanakwenda kuokota libssl1.1 ya zamani wanaipachika na maisha yanaendelea, lakini 1.1.1 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Septemba 2023. Unabaki na kufuli ambalo watengenezaji wake hawalirekebishi tena bure.

Na majina. Ubuntu 24.04 na Debian 13 walipohamia saa ya biti 64 kwa ajili ya tatizo la Januari 2038, pale saa ya biti 32 itakapojaa, maktaba kibao zilibadilishwa jina. libasound2 ikawa libasound2t64. Maktaba ileile. Ukiomba kwa jina la zamani apt inakujibu kwamba hicho ni kifurushi hewa, chagua mwenyewe unachotaka.

#21 jogoo_wa_pili

Ndiyo kusema .deb si .deb na .rpm si .rpm. Mimi nilidhani herufi zikifanana basi.

#22 nyundo_na_msumari

Herufi ni za bahasha. .deb ni kasha la ar lenye vitu vitatu: faili dogo linaloitwa debian-binary (ukilifungua limeandikwa 2.0, basi), halafu control na data. .rpm ndani yake kuna cpio. Kufungua bahasha yoyote ni kazi ya dakika. Kazi ni kwamba mwandishi wa kifurushi alijua nyumba moja: folda zake, majina ya vifurushi vyake, na matoleo ya siku ile.

#23 mgeni_njiani

Nikiwa Alpine mimi sipati hata kosa la maana. Nina faili, naliona kwa ls, nina ruhusa ya kuliendesha. Naliita, inaniambia `not found`. Nilidhani nimerogwa.

#24 mama_nukta

Hujarogwa. Kisichopatikana si faili lako. Ni kipakiaji ambacho faili limeandikiwa ndani yake kukiita, /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Alpine inatumia musl badala ya glibc, njia hiyo haipo kwao. Kuna kifurushi cha gcompat kinachosaidia baadhi ya programu, si zote.

#25 kijiti

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Hawa wenye distro hawajawahi kukaa mezani wakakubaliana?

#26 mzee_kanzi

Walikaa. Kulikuwa na Linux Standard Base, ikachagua .deb iwe ya wote, watu wa rpm wakasusa.

#27 nyundo_na_msumari

Mzee leo una siku mbaya. Ni kinyume. LSB ilichagua rpm. Debian wakawa wanaiheshimu kwa kupitia alien hiyohiyo tunayoisema hapa, mpaka 2015 wakaacha sehemu kubwa ya LSB. Na toleo la 5.0 lilitoka mwaka huohuo.

#28 mzee_kanzi

Naenda kunywa chai.

#29 popo_wa_usiku

Tumemwacha kitasa peke yake. Kitasa, endesha hii tuone SANE inasema nini inapotafuta:

`SANE_DEBUG_DLL=5 scanimage -L`

#30 kitasa

Nilikuwa nasoma nanyi. Nimeongeza jina kwenye dll.conf kama alivyosema bisibisi, simlinki bado sijaweka. Sasa naona inaitaja "skana", inaitafuta, halafu inasema haikuiona.

#31 mama_nukta

Nilisema.

#32 bisibisi

Na bila jina isingeitafuta kabisa. Tumegawana.

#33 nyundo_na_msumari

Kabla ya kugawana, `ldd` kwenye hilo faili la .so, tuone maktaba linazohitaji.

#34 kitasa

Mistari yote ina majibu isipokuwa mmoja:

`libusb-0.1.so.4 => not found`

#35 nyundo_na_msumari

Ahaa. Driva ya zamani, libusb (maktaba ya kuongea na USB) ya zamani. Siku hizi wengi wako kwenye 1.0. Hata ungeweka simlinki ishirini isingepakia. Kwenye Debian 12 kifurushi bado kipo, kinaitwa libusb-0.1-4. Kwenye mashine ya rafiki yako huenda kilivutwa wakati wa kusakinisha, kwa kuwa .rpm huandika ndani yake jina la kila maktaba inayohitaji.

#36 kijiti

Mbona sasa alien haikuandika? Si ndiyo kazi yake?

#37 jogoo_wa_pili

alien haijui vitegemezi kabisa, inavitupa vyote.

#38 bisibisi

Si vyote jogoo. Orodha ya rpm haiibebi, hilo kweli, maana majina hayalingani. Lakini inajaribu kukisia upya kwa kuangalia maktaba ambazo faili linaziita na kuuliza ni kifurushi gani kwenye mashine hii kinazo. Sasa kama maktaba haimo kwenye mashine, itamuuliza nani? Ndiyo maana ni vyema vitegemezi viwepo kabla ya kugeuza.

Aliyeiandika mwenyewe anaonya usiitumie kwa vitu vya msingi vya mfumo kama libc. Mzee kanzi akirudi na chai yake mwambieni.

#39 tumbili_msomi

Mimi nashangaa mnavyoteseka. Flatpak ipo. Snap ipo. AppImage ipo. Kila kitu ndani ya boksi lake, distro haijalishi. Mnachimba kisima na bomba liko nyuma yenu.

#40 popo_wa_usiku

Nitafutie driva hii kwenye Flatpak nikupe shikamoo.

#41 mama_nukta

Tumbili ana hoja kwa programu za kawaida, kivinjari au kihariri cha picha sisumbuki tena na .deb ya kuokota. Lakini driva ya SANE inapakiwa na SANE ya mfumo, haiwezi kukaa kwenye boksi lake ikasubiri kuitwa. Na hiyo AppImage ya "distro haijalishi" nyingi zinataka libfuse2, ambayo Ubuntu 22.04 haikuja nayo. Watu walibonyeza, kimya.

Kinachoweza kumfaa kitasa ni Distrobox. Unatengeneza konteina (chumba kilichotengwa) ya Fedora ndani ya Debian, unaingiza .rpm kwa dnf, kisakinishi cha Fedora, humo ndani, folda zake za nyumbani ni zilezile na USB inaonekana. Hakuna kugeuza chochote.

#42 nyundo_na_msumari

Naongeza: hiyo ni kwa driva za aina ya skana na printa tu. Driva iliyo moduli ya kerneli haitoki konteina, maana kerneli ni moja ya mwenye nyumba.

#43 kitasa

WAKUU IMEFANYA KAZI. Nimeskani ukurasa mzima, rangi na kila kitu. Asanteni sana.

#44 bisibisi

Safi. Ilikuwa nini?

#45 kitasa

Sasa hapo… Nimeweka simlinki, nimeingiza libusb-0.1-4, jina lilikuwa tayari kwenye dll.conf, nikajiingiza kundi la scanner, nikazima na kuwasha. Vyote kwa mkupuo.

#46 tumbili_msomi

Hahahahaha.

#47 popo_wa_usiku

Kundi. Nilisema kundi.

#48 nyundo_na_msumari

libusb. ldd haisemi uongo.

#49 mama_nukta

Kitasa, tafadhali, kwa faida ya watakaokuja kusoma: ondoa simlinki tu, ujaribu. Irudishe. Jitoe kwenye kundi, ujaribu. Moja moja. Dakika tano.

#50 kitasa

Mama nukta kwa heshima zote, sigusi kitu. Nimehangaika tangu jana. Nikiigusa ikazima mtanirudisha #1.

#51 jogoo_wa_pili

Mwacheni mtu na skana yake.

#52 bisibisi

Wacha nimjibu lile la tatu, hakuna aliyelijibu. 1.0-1 kuwa 1.0-2: alien huongeza moja kwenye namba yenyewe kila inapogeuza. Ukitaka ibaki ilivyo unaweka `-k`.

#53 kitasa

Hilo peke yake ndilo lililokuwa na jibu moja.

#54 ukindu

Habari wakuu, nimesoma uzi wote. Nina skana inayofanana na hiyo na .rpm ya jina hilohilo. Niko openSUSE, sijageuza kitu na alien wala nini, ni rpm kwa rpm. Ilidai vitegemezi ambavyo sivijui, nikalazimisha kwa `--nodeps`. Jina nimelikuta kwenye dll.conf. Faili liko /usr/lib64/sane, na kwetu hiyo ndiyo folda sahihi. Kwenye kila kundi nimo. Haionekani.

#55 nyundo_na_msumari

`--nodeps`! libusb, nawaambia. ldd tafadhali.

#56 ukindu

Nimeendesha kabla ya kuandika. Maktaba zote zipo, hakuna `not found` hata moja.

#57 mama_nukta

Subiri. Usiguse kitu. Nipe `SANE_DEBUG_DLL=5` yote, tangu mstari wa kwanza.